Kilichokuwa Ndani ya Kizingiti cha Pikapu

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa blanketi na kalamu. Blanketi nililielewa, maana baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba haimwonei mzee huruma. Kalamu nilidhani ni utani, mpaka Editha wa rangi aliponiambia, "Mzee Oresto, utuandikie basi. Usije ukaenda kukaa Pito na mambo yote yako kichwani." Haya, nimekaa Pito na nimeandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua wenyewe, tusitiane simanzi. Nitaandika habari za bati na kutu, za mtu aliyenifundisha kazi, na za pikapu moja niliyoifanyia kazi nyumbani baada ya kustaafu.

Mtu huyo ni Fundi Ladislaus wa Mwimbi. Ninyi hamkumkuta. Aliacha kazi kabla wengi wenu hamjaanza shule, baada ya mlango wa pikapu aliyoichomelea kung'oka njiani na mama mmoja kuvunjika nyonga. Karakana nzima ilisema mshono wake umeachia. Mwenyewe alikubali, akarudi kijijini kulima, na hakushika tena moto wa gesi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na swali moja: je, ni kweli alikosea? Hakuna aliyewahi kulifungua bati lile akatazama. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kutazama, naye Ladislaus bado yuko hai. Ndiyo maana nilitaka sana kujua, na ndiyo maana nilikuwa na woga kidogo.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kupalilia ulezi wa baba, sijui tofauti ya bodi na chesisi. Ladislaus alinipa nyundo ndogo na bisibisi, akanionyesha gari dogo jeupe lenye rangi mpya inayong'aa. "Gonga kila mahali," alisema. "Penye mlio tofauti, choma." Akaenda zake. Niligonga asubuhi nzima. Bati zima lilikuwa na mlio mkavu unaosikika mpaka uzioni. Nilipofika chini ya mlango wa nyuma mlio ukawa mzito, kana kwamba nagonga gunia la mahindi. Nikachoma, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Nyuma ya rangi ile nzuri hapakuwa na bati. Palikuwa na puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde unaoganda ukawa mgumu, na nyuma ya puti palikuwa na gazeti lililokunjwakunjwa. Nikalitoa, nikalinyoosha juu ya goti, nikaanza kulisoma. Ladislaus akanikuta hapo.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nasoma, Fundi. Nataka kujua lilizibwa mwaka gani."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani hapo ndipo aliponipenda. "Sasa nenda kamwambie mwenye gari kwamba alinunua gazeti," alisema, na kweli alinituma nikaseme.

Alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Akiwa na kisiki cha mti, mfuko wa mchanga, na kipande cha reli alichokiokota Tunduma akakifanya kuwa doli lake la kuegeshea bati, aliweza kutengeneza mkunjo wa bawa la gari, lile bati linalofunika tairi, ukashindwa kuutofautisha na wa kiwandani. Hakupima sana. Alipitisha kiganja, akafumba macho, akasema, "Hapa pamepanda." Ukiweka rula unakuta pamepanda kweli, unene wa kucha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa mtu wa maelezo. Nilimwuliza kwa nini tunachomelea nukta moja huku, nyingine kule, badala ya kwenda moja kwa moja tukamaliza haraka. Akasema, "Nenda moja kwa moja uone." Nikaenda moja kwa moja, na joto likalipinda bati lote, nikashinda siku mbili nalinyoosha. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Ukosee, utazame, ukome. Kwa mtu mdadisi kama mimi ilikuwa shule tamu, na nitawaeleza baadaye ilikuwa na hatari gani.

Jambo nililolipenda zaidi ni kutu yenyewe. Watu huiona kutu ni uchafu. Mimi niliiona ni habari. Gari likiingia karakana sikuhitaji kumwuliza dereva linafanya kazi wapi. Gari la Kasanga au Kirando lilioza kwenye sakafu ya nyuma, kwa sababu maji ya samaki wa Tanganyika yalichuruzika humo safari baada ya safari. Gari la bonde la Rukwa, la huko Mtowisa, lilioza chini na ndani ya mabawa, mahali matope yanaposhika yakakaa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Gari la hapa juu kwetu lilioza kwenye kingo za kioo kwa ukungu na manyunyu. Mababu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yako vijijini. Wao walihangaika kukitoa chuma kwenye udongo, sisi tunahangaika kisirudi. Ladislaus nilipomwambia hivyo aliniambia nishike msasa.

Kesi iliyonitoa jasho mapema ilikuwa ya gari la mwalimu mmoja. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Kizingiti, kwa asiyejua, ni ile boriti ya bati, tupu kwa ndani, inayopita chini ya milango. Abiria hukikanyaga akiingia, hajui kwamba hicho ndicho kinachozuia gari lisikunjike katikati, na ndicho nguzo za milango zilichokalia. Ladislaus alikuwa ameenda msibani, nami nikataka akirudi akute kazi imeisha. Nikaweka jeki katikati, nikakata vyote viwili kwa tindo, nikafurahi. Gari likashuka pua na mkia bila kelele. Nilipoweka vizingiti vipya na kuvichomelea, milango yote minne ikagoma kufunga. Ladislaus aliporudi hakunigombeza. Aliniletea kigoda, akaniambia nikae nifungue na kujaribu kufunga mlango mmoja mpaka saa kumi na moja. Mwalimu alipita mara mbili akauliza ninafanya nini, ikabidi nimweleze. Tangu siku ile sijakata kizingiti bila kwanza kuchomelea chuma cha engo kukatisha uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, na kupima kwa kamba kona kwa kona.

Mwaka wangu wa nne ikaja pikapu ya bluu ya Mzee Seif, mfanyabiashara wa mpunga wa Mtowisa. Mguu wa nguzo ya mlango wa abiria ulikuwa umelika, pamoja na kipande cha kizingiti chini yake. Ladislaus alikata, akatengeneza kipande kipya, akakichomelea mwenyewe. Mimi nilisafisha, nikapaka lami chini, nikapiga rangi. Ilipendeza. Mzee Seif alipoichukua, Ladislaus alimtania kwamba sasa ataweza kubeba hata mabibi harusi. Na kwa sababu jirani yake wa Mwimbi, Mama Paskalia, alikuwa anashuka bondeni kununua mchele wa kuuza, alimwambia awe anapanda pikapu ile na siyo magari mengine. "Hiyo nimeitengeneza mimi," alimwambia. Nilikuwepo.

Zilipita masika mbili. Siku moja pikapu ikipanda mlima kutoka Mtowisa, tairi la mbele likatumbukia kwenye korongo, gari likalala upande, na mlango wa abiria ukang'oka pamoja na nguzo yake. Mama Paskalia alikuwa ameuegemea. Alianguka kwenye mawe, akavunjika nyonga. Gari lililetwa karakana mlango ukiwa umefungwa kwa kamba ya katani. Msimamizi wetu aliinama, akaona kipande cha Ladislaus kinaning'inia kwenye mguu wa nguzo, mshono wake ukichungulia chini ya lami.

"Ladislaus, kipande hiki nani kachomelea?"

"Mimi."

"Kimeachia."

Ladislaus alitazama kidogo tu. Nikamwambia, "Fundi, tusafishe lami tufungue, tuone kimeachia wapi." Alinigeukia akiwa na macho ambayo sikuwahi kuyaona. "Mama wa watu yuko hospitalini, na wewe unataka kutazama bati?" Nikaona aibu, nikanyamaza. Alitundika miwani yake ya kuchomelea ukutani, akanawa mikono, akaenda hospitalini, kisha akaenda kwao. Hakufukuzwa. Alijifukuza mwenyewe. Mzee Seif naye hakushtaki mtu. Alipigilia bamba nene la chuma kwa boliti juu ya sehemu iliyovunjika, akaiendesha taratibu msimu mmoja, kisha akaiegesha kwenye banda lake la mpunga.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengi mliikuta. Zikaja mashine za kuchomelea za waya, zikaja grenda, tindo likabaki la kufungulia makopo ya rangi. Nilipopewa mafundi wa kufundisha nilifanya kinyume cha Ladislaus. Niliwaeleza kila kitu, sababu na sababu ya sababu, mpaka mkawa mnaitikia "poa, Mzee" kabla sijafika katikati. Nilijua mnanicheka. Lakini kila nilipoona kizingiti kilichooza nilimkumbuka, na lile swali likarudi. Mshono wa Ladislaus kuachia? Mtu aliyesikia unene wa kucha kwa kiganja?

Mwaka jana, mwezi wa kwanza baada ya kustaafu, nilishuka Mtowisa kununua mchele. Mzee Seif alikwisha fariki. Mwanawe alinionyesha banda, na humo, chini ya magunia na kinyesi cha kuku, nikaiona pikapu ya bluu. Bamba lile la boliti lilikuwa palepale. Nikamwomba. Alisema nikiiondoa nitakuwa nimemsaidia, anataka nafasi. Nikaipandisha kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, nikaileta Pito.

Mke wangu Gaudensia alitoka nje, akaizunguka mara moja.

"Oresto, umestaafu au umehamishiwa kituo kingine?"

"Nataka kuitengeneza tu."

"Hapo ulipoiweka ndipo ninapoanikia ulezi."

"Nitaisogeza."

"Na nini? Haina magurudumu." Aliingia ndani. Ulezi wa mwaka huo ulianikwa juu ya boneti na sakafu ya pikapu, na sikuthubutu kusema neno.

Nikaanza kazi polepole, kwa raha, kama mtu anayesoma. Niligonga kote kwa nyundo ndogo. Nikachora kwa chaki mpaka wa bati zima na bati bovu. Nilichomelea engo kwenye uwazi wa milango. Nilikata mifano ya vipande kwa maboksi ya sabuni, nikaikunja mpaka ikakaa sawa, ndipo nikahamishia kwenye bati la geji kumi na nane. Nilibadilisha mabawa ya mbele, sakafu ya upande wa dereva, na ukingo wa kioo. Kizingiti cha kushoto, kile chenye bamba, nilikiacha mwisho. Gaudensia aliniuliza kwa nini nakizunguka. Nilimwambia ni utaratibu wa kazi. Si kweli. Nilikuwa naogopa kukuta kwamba msimamizi alisema sawa.

Nilianza na kizingiti cha kulia, nikitegemea nikikute kimeoza vilevile, maana gari ni moja, barabara ni ile ile. Nilipokikata, ajabu. Ndani kulikuwa na kutu nyembamba tu ya juu juu, bati lenyewe lilikuwa zima. Nikakaa chini. Kwa nini upande mmoja upone na mwingine ufe? Nilishinda na swali hilo siku nzima, nikala ugali bila kujua nimekula na mboga gani.

Kesho yake nikafungua boliti za bamba la kushoto. Nikakwangua lami kwa tindo, nikasafisha kwa brashi ya waya mpaka mshono wa Ladislaus ukaonekana wote. Nukta, nukta, nukta, zimeungana bila tundu. Haukuwa umeachia hata mahali pamoja. Kipande chake kilikuwa kimeshika, na nguzo ilikuwa imeshika kipande. Kilichochanika ni bati la zamani la kizingiti, kando ya mshono, limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwita Gaudensia, nikamwambia, "Mzee wa watu hakukosea." Naye akafurahi, akasema nimpelekee habari haraka.

Lakini udadisi wangu haujui kuniacha na furaha. Nikataka kujua bati lile lilioza kwa sababu gani. Nikakata kizingiti chote, nikakipasua kwa urefu. Ndani kulikuwa na matope yaliyoganda yakajaa kabisa, na chini ya matope nikatafuta matundu. Kila kizingiti kina matundu madogo upande wa chini, manne kwa kawaida. Maji yakiingia kwa juu, kwenye mpira wa mlango au mtoni, hutokea humo. Yale ya kulia yalikuwa wazi, isipokuwa moja. Ya kushoto yote manne yalikuwa yamezibwa. Nikachokonoa moja kwa msumari, likatoka donge jeusi. Nikalilainisha kwa vidole, likanukia asali. Ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na lami, na kwenye tundu la pili bado ilikuwa na alama ya kidole gumba yenye mstari uliokata katikati. Mimi nina kovu kwenye gumba la mkono wa kulia. Nilikatwa na mkasi wa bati mwaka wangu wa kwanza.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka yote kwa mara moja. Mzee Seif alikuwa analalamika kwamba vumbi la bondeni linaingia mpaka kwenye kiti. Nilimwuliza Ladislaus yale matundu ya chini ni ya nini. "Yaache," alisema. Kwa nini? "Nimesema yaache." Basi nikajitafutia jibu mwenyewe: nikaamua ni ya kiwandani, ya kuchuruzishia rangi gari linapotiwa rangi kwa mara ya kwanza, na kwamba baada ya hapo hayana kazi. Nilikuwa na nta aliyonipa mjomba wangu mrina asali. Nikaiyeyusha na lami, nikaziba upande wa kushoto wote. Nilipofika kulia, nta ikaniishia kwenye tundu la kwanza, nikasema nitamalizia siku nyingine. Nikapiga lami juu, na Mzee Seif aliponisifu kwamba vumbi limepungua, nilijisikia fundi mkubwa. Kisha nikasahau. Msinielewe vibaya, sikuficha. Nilisahau kabisa, kwa sababu mtu hakumbuki jambo aliloliona ni jema dogo. Kwa hiyo vijana, matundu yale yaacheni wazi, na sababu ni hii niliyoieleza, isomeni mara mbili.

Nikamweleza Gaudensia. Aliendelea kupepeta.

"Ladislaus ameshazeeka," alisema. "Mpelekee ile habari ya mshono. Mwambie mshono wake ulikuwa mzima, inatosha. Hayo mengine ya nini?"

"Atauliza bati lilioza kwa nini."

"Mwambie matope."

Siku tatu nilifikiri nitasema matope. Ilikuwa kweli, matope yalikuwepo. Nilikata kipande cha kizingiti chenye mshono na chenye tundu moja la nta, nikakifunga kwenye gunia. Jumamosi nikachukua bodaboda kwenda Mwimbi, gunia mgongoni, na njia nzima nikawa najaribu sentensi yenye matope.

Nilimkuta Ladislaus uani, amekaa juani na koti zito. Mtoto wa jicho amemla macho yote mawili. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti ya Oresto hiyo. Umebeba nini kinachogonga?"

Nikampa kipande. Alikiweka mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia.

"Huu ni wangu."

"Ni wako, Fundi. Ile pikapu ya Mzee Seif. Nimeifungua. Haukuachia."

Vidole vyake vikaendelea kutembea, vikafika ukingoni, vikahisi jinsi bati lilivyokuwa jembamba. Nilijua kinachokuja.

"Bati lilioza. Kwa nini lioze haraka hivi?"

Ile sentensi ya matope ilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameinua uso, amefumba macho yake mabovu, anasubiri, kama zamani anaposikiliza mlio. Nikashindwa. Nikamwambia yote, nta, vumbi, mjomba, kila kitu.

"Ulifungua ndani ukaona ni ya nini, au uliziba kwa kukisia?" aliuliza.

"Kwa kukisia."

"Yote manne?"

"Ya kushoto yote. Kulia moja, nta iliniishia."

"Na kulia kuzima?"

"Kuzima, Fundi."

Akatikisa kichwa, na nakuapieni, kwa sekunde moja alikuwa fundi tu anayefurahia jibu. Kisha akasema, "Sikukwambia uyaache?"

"Uliniambia. Nikauliza kwa nini, ukasema yaache."

"Kweli. Nilisema hivyo." Akageukia mlango wa jiko. "Mama Kizito! Njoo usikie. Oresto, rudia."

Mkewe akatoka na mikono ya unga. Nikarudia. Kurudia ni kugumu kuliko kusema mara ya kwanza. Mama Kizito alinitazama mpaka nikatazama chini. "Unajua aliuza nyundo zote?" alisema. "Zote, Oresto. Wanangu wakawa hawaruhusiwi hata kuchomelea jembe." Akaingia ndani. Alinipa chakula jioni ile, lakini hakunikaribisha kwa mdomo.

Ladislaus aliniambia nilale, kwa kuwa kesho ni Jumapili. "Utarudia kanisani," alisema. "Wakati wa matangazo. Nitamwambia katekista." Nimewahi kuingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki inayovuja, sikuogopa vile.

Misa ilikwisha, yakatangazwa matangazo ya ndoa na ya kufyatua matofali, kisha katekista akasema kuna mgeni wa Mzee Ladislaus ana maneno mawili. Nikasimama mbele. Nikasema mimi ni fundi bodi mstaafu kutoka Pito, na kwamba pikapu iliyomwangusha Mama Paskalia haikuvunjika kwa mshono wa Ladislaus, ilioza kwa sababu mimi niliziba matundu ya maji. Nilimaliza. Kijana mmoja wa kwaya akamwuliza mwenzake, "Pikapu gani?" Wazee wawili wakawa wanakumbushana kwa kunong'ona, mmoja akisema ilikuwa lori. Nikaelewa kwamba watu walikwisha sahau. Jambo ambalo Ladislaus alilibeba miaka yote ile, wengine hawakuwa wamelishika hata kwa wiki moja.

Aliyekumbuka alikuwa kwenye benchi la tatu upande wa wanawake. Tulipotoka nje alikuja kwetu, anachechemea, mkongojo mkononi. Mama Paskalia ni mkubwa kwa Ladislaus kwa miaka kama mitano. Alianza na mimi.

"Ni wewe uliyeziba?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Alinitazama juu mpaka chini. "Umesema mwenyewe mbele ya watu. Haya. Nishikie huu." Akanipa mkongojo. Kisha akamgeukia Ladislaus, ambaye alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, amevua kofia, hajui amesimama upande gani wake.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa hunisalimii?" alimwuliza. "Unatoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, ukinisikia njiani unakata kona. Ladislaus, mimi miaka yote hii nilidhani tangu niwe kilema unanionea kinyaa."

Ladislaus aliigeukia sauti yake.

"Shikamoo, dada Paskalia."

"Marahaba," alisema Mama Paskalia, akamshika mikono yote miwili. "Hiyo ni ya leo. Za nyuma utaniletea nyumbani, moja moja. Sijahama, nakaa palepale."